Barabara Ikiinuliwa, Nyumba Je?

Mtu asimamaye Mazinde na kuutazama mlima haulizi maji ya masika yatapita wapi. Nyuma yake Usambara imesimama kama ukuta, vilele vyake vikipita meta 2,000 juu ya bahari. Mbele yake ziko reli na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kisha mashamba ya mkonge, kisha bonde la mto Mkomazi ambao huenda kuungana na Pangani. Mvua ikinyesha huko juu, maji hayakawii. Yaweza jua kuwa linawaka bondeni, watu wakianika mahindi, na kumbe korongo limekwisha kujaa. Tena maji hayo hayaji peke yake. Huja na udongo mwekundu wa mashamba, mawe na magogo.

Kwa sababu hiyo yako mazungumzo ambayo hayaishi katika vijiji vyote vilivyo chini ya mlima, kutoka Mombo hata Mkomazi na kupita, nayo ni kwamba barabara na iinuliwe. Barabara ikikaa juu, wasema, gari litapita, mgonjwa atafika hospitali na mkonge utafika Tanga. Sisi hatupingani na maneno hayo. Barabara iliyokatika ni hasara kwa taifa zima, na anayeumia kwanza ni mfanyakazi ambaye hana namna nyingine ya kwenda kazini. Ila twapenda kuuliza swali moja kabla ya kijiko cha kwanza cha udongo kumwagwa: barabara ikiinuliwa, nyumba je?

Si swali la mzaha. Uko mji mmoja mkubwa duniani ambao ulijiinua wote kutoka katika matope, barabara zake, maduka yake na hoteli zake, na habari zake zafaa kujulikana na kila mwanachama na kila mfanyakazi aishiye mahali pa chini. Mji huo ni Chicago, katika Marekani.

Chicago ulijengwa mahali pabaya. Ni nchi tambarare, yenye kinamasi, kando ya Ziwa Michigan, nayo iliinuka futi chache tu juu ya maji ya ziwa. Hapana mtu ambaye angechagua mahali pale kwa ajili ya uzuri wake. Watu walikwenda kwa sababu ya biashara. Palikuwa na mto mdogo uingiao ziwani, na mwaka 1848 ukafunguliwa mfereji wa kupitisha mashua kutoka upande wa ziwa hata mito inayoelekea Mississippi. Mwaka ule ule treni ya kwanza ikaanza kwenda. Mwaka 1840 mji ulikuwa na watu 4,470. Mwaka 1850 walikuwa karibu 30,000, na mwaka 1860 walikuwa wamepita 112,000. Watu wote hao waliishi juu ya ardhi isiyonyonya maji wala kuyapeleka popote. Mvua ikinyesha barabara ziligeuka bahari ya tope, na magari ya farasi yakazama hata ekseli. Vyoo vilifurika, visima vikachafuka, na kipindupindu kikaingia. Mwaka 1849 kiliua wengi. Mwaka 1854 kikarudi na kuua zaidi ya watu 1,400.

Ndipo wakubwa wa mji walipozinduka. Mwaka 1855 wakaunda halmashauri ya mifereji ya maji machafu, wakamwita mhandisi kutoka Boston, jina lake Ellis Chesbrough. Mtu huyu alipoangalia kazi yake aliona shida ambayo mtoto wa shule angeiona: maji huteremka, na Chicago haikuwa na mahali pa kuteremkia. Ukichimba mfereji chini ya ardhi, mdomo wake utakuwa chini ya maji ya mto, nao hautatoa kitu. Basi Chesbrough akageuza hesabu. Kama mfereji hauwezi kushushwa, akasema, mji na upandishwe. Akaweka mabomba ya matofali juu ya ardhi, katikati ya barabara, yakiwa na mteremko wa kutosha kuelekea mtoni. Akayafunika kwa udongo, ambao mwingine ulitolewa mtoni kwa kuchimba kina chake. Kisha juu ya udongo huo ikatengenezwa barabara mpya. Mahali pengine barabara mpya ilipita ya zamani kwa kimo cha mtu, na mahali pengine ilikaribia futi 10.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Fikiri una duka. Jana mlango wako ulikuwa sawa na barabara. Leo barabara iko juu ya dirisha lako. Mteja hushuka kwako kama ashukavyo kisimani, na maji ya mvua nayo yanashuka pamoja naye. Hayo ndiyo yaliyowapata wenye nyumba wa Chicago. Kwa miaka kadhaa njia za kando zilikuwa za kupanda na kushuka ngazi. Mbele ya jengo hili uko juu, mbele ya jengo lile uko chini, na aliyetembea bila kuangalia alivunjika mguu.

Basi wakaanza kuziinua nyumba zenyewe. Mwezi Januari 1858 liliinuliwa jengo la kwanza la matofali, lenye ghorofa 4, urefu wa futi 70, na uzito uliokadiriwa kuwa tani 750. Liliwekewa jeki 200, likapanda zaidi ya futi 6, na haukuonekana ufa. Baada ya hilo watu wakapata moyo. Mwaka 1860 wakathubutu jambo ambalo hata leo laweza kumshangaza fundi: waliinua kwa mara moja safu nzima ya majengo katika Lake Street, yenye urefu wa futi 320, ghorofa nne na tano, na maduka yake yote. Walitumia jeki 6,000 na watu 600. Kwa siku tano safu hiyo ilipanda futi 4 na inchi 8. Ndani ya maduka biashara iliendelea. Mwaka uliofuata ikainuliwa hoteli kubwa ya Tremont, na wageni hawakutolewa vyumbani mwao.

Kazi yenyewe ilifanyikaje? Walichimba chini ya msingi, wakapitisha magogo makubwa ya mbao, na chini ya magogo wakapanga jeki za kuzungushwa kwa mkono. Kila mtu alikabidhiwa jeki zake, kama kumi hivi. Ishara ilipotolewa wote walizungusha kidogo, kwa kipimo kimoja, wakahamia jeki ya pili, na ya tatu, mpaka wamalize zamu. Kisha ishara nyingine. Mmoja angezungusha zaidi ya wenzake, ukuta ungepasuka. Mmoja angelegea, ukuta ungelala. Jengo lilipofika kimo chake, waashi walijenga msingi mpya chini yake na jeki zikaondolewa. Mitambo mikubwa haikuwako. Ilikuwako mikono 1,200 iliyokubaliana.

Majina ya watu hao 600 hayakumbukwi popote tulipopata kusoma. Jina linalokumbukwa ni la mmoja wa wakandarasi, George Pullman, ambaye fedha na sifa alizopata katika kuinua nyumba zilimsaidia kuanzisha kampuni ya kutengeneza mabehewa ya kulalia. Huyu alitajirika sana. Akajenga mji wake mwenyewe kando ya Chicago, wafanyakazi wake wakakaa katika nyumba zake na kumlipa kodi. Biashara ilipoharibika mwaka 1893 alipunguza mishahara yao, lakini kodi ya nyumba hakupunguza hata senti. Mwaka 1894 wakagoma, wafanyakazi wa reli wa sehemu nyingi wakawaunga mkono, na serikali ikaleta askari kuuvunja mgomo. Twayataja haya kwa kuwa si mbali na habari yetu: mtu ajuaye kuinua nyumba kwa mikono ya wengine si lazima awe amejifunza kuwainua wenye mikono hiyo.

Na tuulize pia nani alilipa. Mabomba na barabara vililipiwa na mji. Kuinua nyumba kulilipiwa na mwenye nyumba. Mwenye hoteli alilipa, mwenye duka la ghorofa tano alilipa. Wengine waliokuwa na nyumba za mbao walizipandisha juu ya magogo ya kubingirisha, wakazivuta kwa farasi kuzipeleka pembezoni mwa mji, hata ikawa jambo la kawaida kukutana na nyumba njiani ikisafiri. Lakini mfanyakazi aliyekuwa na kijumba chake, asiyekuwa na fedha ya jeki wala ya farasi, alibaki pale pale, barabara ikiwa juu yake. Hata leo katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi, kama Pilsen, ziko nyumba ambazo ua wake uko chini ya barabara, na mtu huvuka kidaraja ili aingie ghorofa ya pili, kwa kuwa ile iliyokuwa ya kwanza imegeuka kuwa chini ya ardhi. Zaidi ya miaka 150 imepita na shimo bado liko. Mambo kama haya ndiyo tunayoyaogopa Mazinde.

Liko jambo jingine ambalo wasifuo Chicago huwa hawalisemi kwa sauti kubwa. Mifereji ya Chesbrough ilipeleka uchafu mtoni, mto ukaupeleka ziwani, na ziwa ndilo walilokunywa. Wakachimba njia ya chini ya maji, urefu wa maili mbili, ili wateke mbali zaidi. Haikutosha. Mwisho wakaugeuza mto wenyewe: mwaka 1900 ukafunguliwa mfereji wa maili 28, na mto wa Chicago, uliokuwa ukiingia ziwani, ukaanza kutoka ziwani na kupeleka uchafu upande wa pili, kuelekea Mississippi na mji wa St. Louis. Watu wa jimbo la Missouri walilalamika, wakaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1906 wakashindwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Chicago ikawa safi, na jirani wa chini akaambiwa athibitishe kwamba yale maji ni mabaya.

Sasa turudi nyumbani.

Mazinde nayo ni mji wa biashara, nayo iko mahali ambapo mzee wa zamani asingepachagua kwa kulala. Washambaa walikaa mlimani. Mji mkuu wa Kimweri ye Nyumbai ulikuwa Vuga, juu, kwenye hewa baridi. Bonde waliliita nyika, mahali pa homa na pa joto, pa kulima na kuwinda na kurudi. Aliyeteremka akakaa ni Semboja, mwana wa Kimweri. Aliona kwamba njia ya misafara, yenye pembe za ndovu, nguo na bunduki, ilipita bondeni, na kwamba nguvu imekwisha kuhama kutoka mlimani kwenda njiani. Akaweka makao yake Mazinde. Baada ya kifo cha baba yake, mwaka 1862, mtu huyu wa bondeni ndiye aliyekuja kuitikisa Vuga.

Kisha ikaja reli ya Wajerumani. Iliondoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikapita hapa kuelekea Buiko, na ilipofika mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufika Moshi. Pamoja nayo ukaja mkonge, na pamoja na mkonge wakaja manamba kutoka nchi za mbali, wakajengewa kambi katika mashamba. Reli, kwa asili yake, hufuata mguu wa mlima. Basi kila korongo litokalo juu hukutana na tuta lake. Wajenzi waliacha matundu ya kupitishia maji, na maadamu matundu yako wazi maji hupita. Yakijaa mchanga, tuta hugeuka kuwa bwawa, na aliye upande wa mlimani ndiye aogaye ndani yake. Ukiweka barabara nyingine juu zaidi, yenye tuta lake na matundu yake, umejenga bwawa la pili.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kuona ukweli wa jambo hili. Mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliiharibu reli ya kati na kuwapeleka watu mahemani. Dar es Salaam, mwezi Desemba 2011, bonde la Msimbazi lilijaa, zaidi ya watu 40 wakafa katika mji, na wengine waliokuwa wakikaa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi pale pale Jangwani, na maji yakaingia mara kwa mara, kwani maji hayasomi vibao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo kwa ajili ya mradi wa bonde hilo, na ndani yake limo daraja refu na la juu zaidi la Jangwani. Twaliona kuwa ni jambo jema. Ila yafaa kuangalia tofauti iliyopo: mradi ule hauinui barabara tu. Umeanza na kuhesabu nyumba, kulipa fidia, na kuupa mto nafasi yake.

Na jirani zetu wa karibu wamekwisha kuonja ubaya wa mlima unapokatika. Mwezi Novemba 2009, huko Mamba Miamba katika Upare wa Kusini, udongo uliwafunika watu usiku na zaidi ya 20 wakafa. Mwezi Desemba 2023, chini ya mlima Hanang, tope liliingia Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Milima hiyo ni ndugu wa huu wetu kwa tabia yake.

Basi shina la jambo liko juu. Na hapa hatuna budi kusema habari ambayo wazee wa Usambara wanaijua kuliko sisi.

Baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Waingereza iliona kwamba udongo wa Usambara unakwenda mtoni. Waliona sawa. Mwaka 1946 wakaanzisha mpango katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 wakaupanua kuenea Usambara nyingine. Kila jamaa iliamrishwa kulima matuta kuukata mteremko, kwa kipimo kilichowekwa, na asiyelima alitozwa faini. Wataalamu walijua hesabu ya maji. Hawakujua, au hawakutaka kujua, ni mikono ya nani itakayobeba jembe. Kazi ilikuwa kubwa mno, tena nyingi iliwaangukia wanawake ambao tayari walikuwa na mashamba, watoto, kuni na maji. Kuchimba matuta kulileta juu udongo wa chini usiozaa, na mahindi yakawa haba. Watu wakashuku pia kwamba anayekulazimisha kutengeneza ardhi leo huenda kesho akasema ni yake. Wakakataa. Wengine walitozwa faini, na uchungu ule ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaleta watu wa Usambara katika TANU. Uluguru nako, mwaka 1955, matuta ya namna hiyo yalileta ghasia. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, mpango wa Usambara ukaachwa.

Wako watu waliotoa funzo baya katika habari hii. Walisema: mkulima wa mlimani hataki kuambiwa, mwacheni. Sivyo. Aliyekataa matuta hakukataa udongo wake, alikataa amri. Ushahidi ni kwamba tangu mwaka 1981, ulipoanza Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti uliosaidiwa na Wajerumani, wakulima wengi walikubali kupanda mistari ya majani kukata mteremko, kwa sababu majani yale yalikuwa malisho. Ng'ombe alifungiwa zizini, akala majani yaliyozuia udongo, akatoa maziwa na samadi. Mkulima aliona faida yake mwaka ule ule, na hakukuwa na haja ya askari. Twajua kwamba miradi ina tabia ya kwisha pamoja na fedha yake, na kwamba siyo kila mstari uliopandwa wakati ule umesalia. Lakini njia imekwisha kuonekana.

Sasa iko shida ambayo haihusu udongo wala mvua, bali makaratasi. Mazinde iko katika Wilaya ya Korogwe. Mlima ulio juu yake, sehemu kubwa, uko katika Wilaya ya Lushoto. Barabara kuu ina wakala wake, barabara za vijijini zina wakala wake mwingine, reli ina shirika lake, na maji ya mto yana Bodi ya Bonde la Pangani. Kila mmoja wa hao aweza kutimiza wajibu wake vizuri kabisa, na bado nyumba ya mfanyakazi wa mkonge ikajaa maji. Mwenye barabara atainua barabara, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Mwenye reli atazibua matundu yake. Mkulima wa Lushoto atalima hadi ukingoni mwa korongo, kwa kuwa watoto wake wanahitaji viazi na kabichi za kuuza, na yeye hakuona hata siku moja mahali udongo wake unapofikia. Hapana aliyekosa, na maji yamekwisha kuingia. Missouri na Illinois zilipelekana mahakamani kwa jambo kama hilo. Sisi tuko mkoa mmoja, chini ya mkuu mmoja wa mkoa, na haitupasi kungoja hukumu.

Kwa hiyo twasema hivi kwa ndugu zetu wa pande zote mbili.

Kwa wale wa mlimani, twawaomba kingo za makorongo zirudishiwe majani na miti, upana wake ukubaliwe na mkutano wa kijiji wenyewe na si ofisi ya mbali, na majani hayo yawe yale ambayo ng'ombe hula. Tena wajumbe wao waalikwe kushuka Mazinde wakati wa masika, watazame kwa macho yao. Wa bondeni nao wapande mlimani wakati wa kilimo, waone mteremko ambao mtu huyu analazimika kuulima. Ziara ya siku moja haina gharama kubwa kuliko nauli ya gari la Mombo hadi Lushoto, na ina faida kuliko barua nyingi.

Kwa wenye mashamba ya mkonge, wa serikali au wa watu binafsi, twasema kwamba nyumba za wafanyakazi zisihesabiwe kuwa mali ya mwisho katika shamba. Katika Chicago bidhaa za dukani ziliinuliwa pamoja na duka na hakuna kikombe kilichovunjika. Haiwi sawa kwamba bohari ya singa ikae juu ya jukwaa la saruji na mtu aliyeikata apangiwe kulala sakafuni, futi moja chini ya njia. Kambi iliyo mahali pa chini ihamishwe, na kama haihamishwi ijengewe msingi wa kimo cha kutosha. Gharama hiyo iwe ya shamba, isikatwe katika mshahara.

Kwa vyama vya wafanyakazi, kazi ya kuzibua matundu ya reli na barabara kabla ya mvua si ya kungojea maafa. Ni kazi ya vibarua, ya majembe na machepe, nayo yaweza kufanyika katika miezi ya kiangazi ambapo wengi hawana ajira. Vijana wa Mazinde wapewe kazi hiyo kwa ujira wa halali kila mwaka. Hatupendi iitwe kazi ya kujitolea. Aliyepoteza sahani na godoro lake kwa mafuriko amekwisha kujitolea.

Na kwa wahandisi, ambao elimu yao twaiheshimu, tuna ombi dogo. Chesbrough alipotaka kuupandisha mji, kimo kipya kilitangazwa, na kila mwenye jengo akajua barabara itakuja kuwa futi ngapi juu ya kizingiti chake. Wengi walikasirika, lakini walijua. Basi kabla barabara yoyote ya chini ya mlima haijainuliwa hata futi moja, mchoro wake ubandikwe katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili, nao uonyeshe mambo matatu: kimo kipya cha barabara mbele ya kila nyumba, upana wa kila tundu la maji na mahali litakapoyamwaga, na jina la ofisi itakayolipa kuinua au kuhamisha nyumba zitakazobaki chini. Wananchi wapewe mwezi mmoja wa kuusoma na kuujadili katika mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji apite na kamba na rangi, aweke alama ya kimo hicho katika ukuta wa kila nyumba, ili hata bibi asiyejua kusoma michoro asimame mlangoni pake na kuona kama alama ile iko magotini, kiunoni, au juu ya kichwa chake.